Nafasi ya Sista Tekla

Sogeeni, na simu wekeni chini. Nina kesi hapa, imeninyima raha tangu Jumatatu, na leo sitaibeba peke yangu.

Kikundi chetu cha kutembea mnakijua, pale Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Alikianzisha Sista Tekla, nesi mstaafu, alipoona nusu ya mtaa ina presha na nusu nyingine ina sukari. Kila Jumamosi tunapanda mlima mpaka kwenye kibanda cha kupumzikia, tunapika makande, tunakula, tunashuka. Mwenye hatua chache kuliko wote wiki hiyo ndiye anayeosha masufuria. Na masufuria ya makande mnayajua yanavyoganda.

Hatua ndizo zilizoleta saa za mkononi. Hakuna aliyenunua ya gharama, ni hizi za bei nafuu tu. Mimi sina, magoti yangu yananitosha kunihesabia. Ila watu watatu walizipenda saa zao kama wengine wanavyopenda timu ya mpira, na ubishi wao ulikuwa hauishi.

Salvatori ni seremala. Saa yake ina GPS ya maana: ukiipa mahali, inakuonyesha mshale mpaka ufike, na njia ya kurudi inaikumbuka. Ubaya wake ni kwamba inamaliza chaji upesi, kwa hiyo Salvatori alikuwa anaizima GPS muda wote, eti anaitunza. Tulimcheka mpaka akazoea.

Leokadia ni fundi cherehani. Saa yake haina GPS kabisa, na Salvatori aliiita bangili. Lakini inapima mapigo ya moyo, na chaji inakaa wiki mbili. Kwenye kila kilima Leokadia alikuwa anatuvalisha mmoja mmoja, anatupima, kisha anatugombeza.

Mkude anauza maziwa, anayasambaza kwa baiskeli. Saa yake ni rahisi kuliko zote. Inachora ulikopita na kuandika namba za mahali, ila haikuongozi popote, na baiskeli haiihesabii hata hatua moja. Masikini Mkude aliosha masufuria wiki sita mfululizo. Wiki ya saba, bwana, akaibuka wa kwanza. Ya nane, wa kwanza tena. Tukampigia makofi, naye akatazama chini, tukadhani ni unyenyekevu.

Sasa sikilizeni la Sista Tekla. Tangu ujana wake alitamani kufika kilele cha Kilimanjaro. Mwanawe akamtafutia nafasi kwenye safari ya mwezi ujao, kila kitu kimelipiwa. Nafasi moja tu. Alituambia huku analia, na wale watatu wakamwonea wivu waziwazi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hamu hiyohiyo.

Jumamosi iliyopita tukapanda. Sista Tekla alitembea nyuma kama kawaida yake, asiachwe mtu, na mbwa wake Bosi pembeni yake. Ukungu ukashuka ghafla. Tulipofika kibandani tukahesabiana, Sista hayupo. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Simu hazikupata mtandao. Baada ya saa nzima akatokea Bosi peke yake, amelowa, mguu mmoja una jeraha. Tukambembeleza atuongoze, akajilaza chini ya benchi akakataa katakata. Mimi nilianza kulia, siwafichi.

Ndipo Mkude akasema, "Mfungueni Bosi shingoni. Saa yangu iko hapo."

Kumbe! Alikuwa anamvalisha mbwa kila asubuhi akipeleka maziwa kwa Sista, chini ya manyoya, mbwa anamkusanyia hatua. Hakuna aliyejua, na angenyamaza tusingejua mpaka leo. Alikiri mbele ya watu wote, uso hana pa kuuweka. Lakini kwenye kile kioo kidogo kulikuwa na mstari, na mahali fulani mstari ulijizungusha na kujizungusha. Bosi alikuwa amekaa hapo muda mrefu. Basi Sista Tekla alikuwa hapo.

Kujua mahali ni jambo moja, kufika ni jingine. Kwenye ukungu ule hukuona hata vidole vyako. Salvatori akaiwasha saa yake, na kwa sababu ya ule uchoyo wake ilikuwa na chaji yote. Akaingiza zile namba, mshale ukageuka. Tukamfuata sisi watatu, Mkude, Leokadia na mimi na magoti yangu, tumeshikana nguo. Mara mbili nilitaka kugeuka kushoto, mshale ukasema kulia, na mara zote mbili kushoto kulikuwa na korongo.

Tukamkuta amekaa chini ya mwamba, mguu umevunjika, amejifunika koti la mvua, anatabasamu. Akaanza kutupa amri palepale. Tumwache apumzike, turudi kwanza mjini, tulete machela na watu wa kutosha. Yeye ni nesi, anajijua. Salvatori akakubali. Mkude akakubali. Mimi pia nilikubali, Mungu anisamehe.

Leokadia akavua ile bangili yake mkononi. Akamvalisha Sista, akasubiri, akamgeuzia kioo. Mapigo mia moja thelathini na nane kwa dakika, mtu amekaa tu.

"Sista," akasema, "ningekuwa mimi ndiye nimekaa hapo, ungefanyaje?"

Sista Tekla akaweka vidole vyake shingoni, akahesabu, na tabasamu likatoweka. "Ningekubeba sasa hivi," akasema.

Tulipofunua koti tukaona damu, nyingi kuliko alivyotuambia. Tukamfunga kwa kanga, tukatengeneza machela ya fito na vitenge, tukambeba. Salvatori mbele anafuata njia ya kurudi, saa inakaribia kuzima. Daktari alituambia wazi kwamba tungechelewa saa moja zaidi, angekuwa anatupa pole.

Yuko hai, tena anagombeza manesi wa wodini. Lakini mguu una plasta, na Kilimanjaro mwezi ujao hataiona. Jumatatu akatuita wote wanne, akasema nafasi yake anampa aliyemwokoa.

"Atakayefika kule juu atakuwa amenifikisha mimi," akasema.

Mkude akasema yeye wasimhesabu, mwizi wa hatua hapandi Kilimanjaro. Salvatori akasema yeye anaitaka na hataona aibu kuitaka. Leokadia akamtandikia Sista shuka, akalitandua, akalitandika tena. Sista akatutazama, akashindwa kuchagua. Akanipa mimi karatasi ya safari niandike jina la atakayekwenda, kwa kuwa eti sina saa, sina upande.

Nimeipindua na kuipindua. Nikitaka kuandika Mkude, najiuliza kama naenda kuzawadia udanganyifu, kisha nakumbuka alivyochagua aibu wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Nikitaka Salvatori, nasema alifuata mshale tu, kisha nakumbuka lile korongo la kushoto, na kwamba ndiye aliyetufikisha na kuturudisha. Nikitaka Leokadia, naambiwa Sista angeweza kujihesabia mapigo kwa vidole vyake. Angeweza, ndiyo. Alikaa pale muda wote ule na vidole vyake, na hakuhesabu. Mtoeni yeyote kati ya hao watatu, leo tungekuwa msibani.

Karatasi hii hapa. Sista ameshatia sahihi chini, na kesho asubuhi inatakiwa iende. Mstari wa jina ni mmoja, na bado uko wazi.

Haya, kalamu hiyo, ishike. Wewe ungeandika jina la nani?