Fungate ya Mize katika Jiji la Vichuguu

Nawaita!
— Tuite!
Nina uongo mkononi, niulete?
— Ulete tuutafune!
Na ukiwa mchungu je?
— Tutaumeza na uchungu wake!

Basi msiseme sikuwauliza. Bismillahi.

Sange mnamjua. Ni kile kinyama kidogo kama panya, pua ndefu inayochezacheza, miguu ya nyuma mirefu kama ya kuazima. Akishtuka hupiga mguu chini: kwata-kwata-kwata! Mwenzake akisikia hujibu: kwata-kwata-kwata! Hivyo ndivyo wanavyoitana kichakani. Na sange akioa ameoa, hana habari ya mke wa pili. Mwenyezi Mungu amewapa wale wadogo kitu ambacho sisi wakubwa tunakiombea kila siku na hatukipati.

Sasa palikuwa na sange mmoja aitwaye Shekue, akamwoa Mize. Nikaha ikasomwa, pilau ikaliwa, wakaingizwa ndani kukaa fungate. Fungate ni siku saba. Maharusi hawatoki nje. Chakula wanaletewa, maji wanaletewa, na somo wa bibi harusi yuko mlangoni kuwahudumia. Somo wa Mize alikuwa Bi Mwanakombo, sange mtu mzima mwenye masikio makubwa.

Siku ya pili tu, Shekue akaanza kunong'ona.

"Mize."

"Abee."

"Fungate gani hii, na Bi Mwanakombo anatuhesabia hata kupiga chafya? Twende kwetu, na njiani tupitie Jiji la Vichuguu. Tukae siku mbili tatu, tumalizie fungate yetu huko."

"Tutalala wapi?"

"Tutalala nyumba ya wageni."

"Tutakula nini?"

"Tutakula kumbikumbi wa kukaanga."

"Tutafanya nini?"

"Tutapanda kichuguu kirefu kuliko vyote, tutazame huku tulikotoka, tucheke."

Mize akacheka hapo hapo, kabla ya kupanda. Ujana una raha yake.

Bi Mwanakombo aliposikia alishika kichwa. "Nyinyi watoto mna wazimu? Mwari wa juzi mnamtembeza juani? Haya, ngojeni nichukue kanga zangu, twende sote."

"Somo, niwie radhi," akasema Shekue, "tukiwa watatu hiyo si fungate tena, ni msafara."

Bi Mwanakombo akasusa, akageuzia uso ukutani. Nao wakaenda. Chapu, chapu, chapu, pua mbele, mikia nyuma.

Jiji la Vichuguu lilikuwa jiji kweli. Kichuguu nyuma ya kichuguu, tundu juu ya tundu, na kila tundu na mpangaji wake. Panya wanapanda, mijusi wanashuka, jongoo wanazuia njia, na kelele tupu. Sange wetu wakasimama wanashangaa, midomo wazi. Kunguru akawaona. Kunguru alikuwa dalali wa vyumba, na dalali humjua mgeni kwa mdomo wake.

"Kwaa! Karibuni, shemeji! Maharusi nyinyi, usiniambie. Mnataka chumba?"

"Tunataka chumba," akasema Shekue.

"Kizuri?"

"Kizuri."

"Kimya, joto, kapeti laini?"

"Hicho hicho!"

Kunguru akawapeleka pembeni, penye kichuguu kikubwa cheusi. Chini palikuwa na mlango wazi. Hauna ubao wala pazia, ila ulitoa hewa ya uvuguvugu, huuu, huuu, kama chumba kinapumua.

"Mize, ngoja hapo," akasema Shekue. "Haifai bibi harusi kuingia chumba ambacho mume hajakikagua."

Hivyo ndivyo alivyofunzwa kwao, na ni mafunzo mazuri. Akaingia. Mize akamsikia ndani anasema, "Mke wangu, kapeti laini kweli! Jekundu! Joto lake tamu! Mize, chumba kizu—"

Kapu!

Mlango ukajifunga. Kisha juu ya mlango yakafunguka macho mawili.

Alikuwa Chatu. Mlango ulikuwa mdomo wake, kapeti ulimi wake. Akameza, gudu, na uvimbe mdogo ukateremka shingoni polepole.

"Ingia na wewe, mwanangu," Chatu akasema kwa sauti ya mjomba. "Mwenzio yuko peke yake."

Kunguru akaruka, akatua juu ya kichuguu. Yeye ujira wake ulikuwa macho ya wageni, lakini mgeni akimezwa mzima mzima hapati kitu, ndiyo maana alikuwa amenuna.

Mize alikwisha kugeuka akimbie. Miguu alikwisha kuikunja. Mara akasikia, kwa mbali, ndani ya tumbo la Chatu: kwata-kwata-kwata!

Shekue alikuwa hai.

Mize akajibu: kwata-kwata-kwata! Kisha akafuta machozi kwa mguu, akamtazama Chatu usoni.

"Mjomba, hicho ulichokula umeshiba?"

"Nishibe? Kile kimepita kama mate."

"Na mimi ukinila utashiba?"

"Wewe ni mdogo kuliko yeye."

"Basi una haraka ya nini? Mimi nina ndugu. Nina mama wakubwa, mama wadogo, mashangazi, wote wanene, walikula pilau yangu wakamaliza. Fungate ikiisha, watakuja hapa na vigelegele kutoa fungate. Watapanga mstari mlangoni waingie mmoja mmoja."

Macho ya Chatu yakapanuka. "Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja. Lakini wakisikia bibi harusi yuko peke yake, hawaji na vigelegele. Watakuja na vilio, na wenye kilio hukaa nje."

"Sasa tufanyeje?"

"Bwana harusi awepo. Aliyekuwa bwana harusi yumo ndani yako, kwa hiyo bwana harusi ni wewe. Kaa fungate na mimi, mjomba. Kunguru atapeleka habari kwamba maharusi wapo, wamenenepa."

Chatu akacheka mpaka kichuguu kikatikisika. Akarudi nyuma, akajikunja chumbani. Mize akaingia, akakaa kwenye kona. Kwata-kwata-kwata, likasema tumbo. Kwata-kwata-kwata, akajibu Mize.

Sasa sikilizeni tabia ya Chatu. Chatu haogopi chui, haogopi tembo. Anaogopa siafu. Maana akishakula hulala mzito kama gogo, na siafu wakimkuta hivyo humla akiwa anatazama. Kwa hiyo kila alfajiri hutoka akazunguka nyumba, srrr, srrr, anatafuta njia ya siafu. Asipoiona ndipo hula.

Alfajiri ya kwanza Chatu akanyanyua kichwa.

"Bwana harusi, wapi?" akauliza Mize.

"Nazunguka nyumba mara moja."

"Bwana harusi hatoki nje. Ukitoka fungate imevunjika, na Kunguru anaona."

Chatu akawafikiria wale mama wakubwa. Akarudisha kichwa. "Basi nizungukie wewe. Na usikimbie. Ukikimbia, huyu wako namsaga."

Mize akatoka. Akaenda mbali, akashuka bondeni, akawaona siafu wanapita, mstari mweusi hauna mwanzo hauna mwisho, chakachakachaka. Akarudi.

"Kuna siafu?"

"Hakuna hata mmoja, bwana harusi."

Kisha akamwita Kunguru. "Kaka Kunguru, bwana harusi wa fungate huletewa. Mletee mayai ya kanga. Akinenepa, ndugu zangu wataamini kuna raha huku. Nao watakapomezwa, wengine watamponyoka, na wanaoponyoka macho yao ni yako."

"Kwaa! Dada una akili," akasema Kunguru, akaruka.

Akaleta mayai, Chatu akameza. Akaleta tena, akameza. Akaleta makinda ya kanga yakiwa yanalia piyo, piyo, piyo, Chatu akayameza pia. Makinda yale hayakuwa na kosa. Nikifika hapa huwa natafuta jinsi ya kumtetea Mize, na sijaipata.

Kila alfajiri Chatu aliuliza, "Kuna siafu?" na kila alfajiri Mize alijibu, "Hakuna hata mmoja." Na kila alipotoka alibeba mdomoni kiini cha yai alilolificha kwenye kona, akadondosha tone, tone, tone, kutoka mlangoni kwenda bondeni. Siafu wakaonja tone la kwanza. Kesho yake wakasogea la pili.

Chatu akanenepa. Akajaa chumba kizima, ukuta huu mpaka ukuta huu. Mlango aliouingilia ukawa mdogo kuliko shingo yake, wala hakujua, kwa sababu bwana harusi hatoki.

Na tumbo lilisema: kwata-kwata.

Kesho yake likasema: kwata.

"Vumilia, mume wangu," Mize alinong'ona akilaza sikio juu ya magamba. "Bado kidogo. Vumilia."

Siku ya sita Kunguru akaja mikono mitupu, mabawa yamelegea. "Kanga wamehama wote. Na mimi naomba cha kwangu, nimechoka kuruka bure."

"Njoo karibu tuzungumze," akasema Chatu.

"Nasikia vizuri tu hapa nilipo."

"Wewe dalali wangu wa siku zote, unaniogopa mimi?"

Kunguru akaona haya, akasogea hatua moja. Kapu! Unyoya mmoja ukabaki unaelea.

Siku ya saba Mize akasema, "Leo ndiyo leo. Bwana harusi lazima asingwe, ang'ae. Nimekutengenezea singo ya viini na asali." Akampaka. Akampaka mkia, akampaka mgongo, akampaka mpaka shingo. Chatu akafumba macho kwa raha. Mlangoni, chakachakachaka.

"Mize, nini kinanitembea mkiani?"

"Ni singo, bwana harusi. Ndiyo inaingia."

"Nini kinanichoma mgongoni?"

"Ni singo, bwana harusi. Ndiyo inatoa taka."

"Mize! Nini kinanila?"

"Ni ndugu zangu, bwana harusi. Wamekuja kutoa fungate. Wanaingia mmoja mmoja."

Chatu akajirusha, puu! Akaukimbilia mlango, kichwa kikapita, shingo ikakwama. Akavuta, wapi. Akasukuma, wapi. Kichwa kiko nje kinawatazama watu wa jiji, mwili uko ndani unaliwa. Akalia mchana kutwa. Panya wakapanda, mijusi wakashuka, kila mmoja na shughuli yake. Jiji ni hivyo.

Mize alikuwa ameruka juu ya rafu ya udongo. Aliyapiga magamba kwa mguu: kwata-kwata-kwata! Akasikiliza. Kwata-kwata-kwata! Akasikiliza. Akajiambia, amelala, amechoka, sasa hivi tumbo litafunguka nimvute.

Tumbo likafunguka. Mize akaruka katikati ya siafu, wakamng'ata pua, wakamng'ata masikio, asijali. Lakini siafu hawabagui, jamani. Hawaulizi huyu dhalimu au huyu mdhulumiwa. Walipomaliza wakaondoka kwa mstari wao, na baina ya mbavu nyeupe za Chatu Mize akakuta mguu mmoja wa nyuma, mrefu, mwembamba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Akauzika. Kisha hakutoka. Chumba kile kile cha fungate akakaa eda, maana mjane naye hatoki nje.

Hazikupita siku nyingi, wakapita panya wawili wameshikana mikia, wamepakana hina. Mwanamume anauliza, "Mke wangu, unataka chumba gani?" Mke anajibu, "Chenye kapeti."

Mize akachungulia kwenye ufa. Kichuguu cha jirani kilikuwa na mlango wazi, hauna ubao wala pazia. Huuu, huuu.

"Msiingie pale!" akapiga kelele. "Huo si mlango!"

"Nani huyo?" akauliza bibi harusi.

"Mjane mmoja yumo ndani mle," akajibu bwana harusi. "Kijicho tu. Ngoja hapo, mimi nikikague kwanza."

Mize akatazama mlango wake. Eda yake bado changa. Akatoka, na jua likamwona. Akamdaka yule panya kwa mkia, akamburuta chini akimtukana matusi ambayo Bi Mwanakombo hakumfundisha, na nyuma yao mlango ule ukajifunga, kapu, bila kitu.

Unadhani walimshukuru? Walikwenda wakamsema jiji zima. Mjane gani anavunja eda kwa kukimbizana na waume za watu! Na Mize hakurudi ndani tena. Kila siku yuko nje, kila maharusi wakija anawafukuza kwa mawe na matusi. Maharusi wakifika kwao salama huulizwa, jiji lilikuwaje? Hujibu: jiji zuri sana, ila pana mjane mmoja ana kijicho, alitunyima hata chumba.

Nimemaliza kuutafuna.
— Sisi bado uko kooni!
Umezeni na funzo lake.
— Funzo gani?

Funzo ni kwamba mjane akae eda yake ndani, anyamaze, asijitie katika mambo ya wapita njia. Ndivyo hadithi hii inavyofunzwa, nami sina chuo cha kubishana na walionifunza. Na mkioana mkapita jijini, mkaona chumba chenye joto na kapeti laini, ingieni. Mwanamume atangulie.

Mbona hamjibu?