Mayowe Yasiyo na Mhusika

YAH: UDHIBITI WA MAYOWE YASIYO NA MHUSIKA KATIKA ENEO LA MAKAZI.

Hicho, wapendwa, ndicho kichwa cha tangazo lililobandikwa mlangoni kwa mtendaji wa mtaa mmoja. Lilikuwa na mhuri. Msiniulize ni mtaa gani, maana nimeutunga mwenyewe. Mkitoka hapa mkahisi mnaufahamu, hilo mtajua wenyewe na dhamiri zenu.

Katika mtaa huo kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye kibanda cha kuonyeshea picha, vile tunavyoviita vibanda umiza, kwa kuwa mabenchi ni ya mbao na picha ni ndefu. Yeye alipenda picha za mapigano makubwa: wafalme, majeshi, majoka, milima inayotema moto. Zote za kigeni, na mtafsiri alikuwa yeye mwenyewe, papo hapo, kipaza sauti kimefungwa shingoni kwa kamba ili mikono ibaki huru kwa ajili ya deki ya video.

Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya steringi, yule shujaa wa picha, nzito, inatokea tumboni, na ikisema "Nitawamaliza wote" hata mbwa wa jirani waliinuka. Ya pili ilikuwa ya mwanamke wa steringi, nyembamba, ya puani, na kwa kawaida ilikuwa na kazi moja tu, kuomba msaada.

Mnawajua steringi wa picha hizo. Nisijifanye mtakatifu, na mimi nawajua. Kifua wazi kwenye theluji, na mafua hapati. Anapigwa mshale, anauchomoa kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni, anaendelea na safari. Mkewe akifa hasemi kitu, anatazama mbali tu, na upepo unapuliza. Na mwanamke? Anakimbia, anaanguka, anainuliwa. Anakimbia tena, anaanguka tena. Siku hizi, kweli, wapo na wanawake wanaopigana, lakini nao wamepewa masharti yaleyale: wasiogope, wasichoke, na nywele zisivurugike. Tangu enzi za tenzi, shujaa huenda vitani na mwanamke hubaki dirishani, na sisi tumekaa chini tukisikiliza, midomo wazi.

Na watu wa mtaa ule walishangaa kwelikweli. Mngewaona! Giza likishuka kibandani na yule mfalme akisimama peke yake mbele ya jeshi lililofunika bonde zima, vijana waliacha kutafuna karanga. Wanaume wazima walishikana mikono bila kujua. Hakuna aliyetazama simu. Hakuna aliyetoka kabla ya mwisho. Nikifikiria, na mimi na hii kazi yangu ya kuhubiri, naona wivu kidogo.

Sasa, kibanda kilikuwa na spika nje, juu ya mlango, ili wapita njia washawishike. Ndiyo maana mayowe yakawa jambo la kiserikali. Mzee mmoja, mgeni mtaani, alikuwa akisikia mwanamke anapiga kelele anakurupuka na panga kwenda kuokoa. Mara ya mwisho aliwakanyaga watazamaji wa benchi la mbele, akafika mpaka kwenye skrini. Kikao kikaitishwa, chai ikanywewa, azimio likapita: mayowe yoyote yatakayotoka kibandani, yawe ya kiume au ya kike, yahesabiwe kuwa ni burudani, na mkazi yeyote asichukue hatua. Mzee akasomewa tangazo mbele ya mashahidi. Akarudi kwake, panga akalitundika ukutani.

Basi ikafika masika, na mvua ikanyesha wiki nzima. Ukuta wa nyuma wa kibanda ulikuwa wa matofali ya udongo, nao ukanywa maji mpaka ukalewa. Jumamosi moja mchana, kabla watazamaji hawajaja, yule mtafsiri alikuwa ndani akijifunza picha ya jioni. Bintiye mdogo alikuwa naye, amekaa karibu na ule ukuta, anapanga visoda vya soda kama jeshi.

Ukuta ukashuka.

Ulishuka bila makelele mengi, kama mtu anayeketi. Boriti kubwa ya paa ikaja nao, na matofali yakamfunika mtoto mpaka kiunoni. Baba aliruka, akaingiza mgongo chini ya boriti kabla haijamfikia mwanawe. Akaizuia. Lakini hapo ndipo alipofungwa. Akisogea, boriti inamshukia mtoto. Akikaa, mgongo ni wa nyama, na una mwisho wake.

Kipaza sauti kilikuwa shingoni. Umeme ulikuwa bado unawaka. Akaita.

Ndugu zangu, kila mtu ana sauti anayoikimbilia akishikwa pabaya. Yeye aliikimbilia ile ya tumboni. "Njooni hapa! Ukuta umeanguka! Njooni haraka!" Ikatoka kwa ngurumo, ikatanda mtaa mzima.

Bombani wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji.

"Leo kaanza mapema," akasema mmoja, akisogeza ndoo.

"Anajinoa kwa ajili ya jioni," akajibu mke wa mtafsiri mwenyewe, kwani naye alikuwa kwenye foleni. "Huyo hata nyumbani akiomba chumvi, anaomba hivyohivyo."

Wakacheka. Ng'ambo ya barabara, fundi seremala akainua kichwa. "Steringi kabanwa," akasema.

"Mwache," akajibu mwenzake, akiendelea kupiga randa. "We umeona wapi steringi akafa?"

Ndani, yule baba akaona hakuna anayekuja. Akajaribu sauti ya pili. Hofu yenyewe iliipandisha, ikatoka nyembamba: "Mwanangu anakufa! Nisaidieni jamani!"

"Haya, na demu wake kaingia," akasema fundi.

"Huyo kazi yake ndiyo hiyo. Ngoja aanguke sasa."

Yule mzee mgeni aliinuka. Mkono ukafika kwenye mpini wa panga. Kisha akakumbuka mhuri, akaketi.

Niwaulize, nani hapa alikuwa mbaya? Nyoosheni mkono mnionyeshe mtu mwenye roho mbaya katika mtaa ule. Hayupo. Walikuwa watu wema waliofundishwa, jioni baada ya jioni, kwamba mwanamume akinguruma hana shida, na mwanamke akilia ndiyo kawaida yake. Sasa mtu mwenye shida ya kweli aite kwa sauti ipi?

Mtoto akasema, "Baba."

"Nipo, mama."

"Steringi anakuja?"

"Hakuna steringi. Nipo mimi tu."

Mtoto akamtazama usoni kutoka pale chini. Watoto wana kutazama kwao. "Na wewe unaogopa?"

Yule mwanamume alikuwa na majibu mengi. Alikuwa ametafsiri majibu ya wafalme. Halafu akajibu, na hakuitumia ile ya tumboni wala ile ya puani. Ilitoka kifuani, imepasuka, sauti ya mtu wa kawaida anayekaribia kushindwa.

"Naogopa, mama. Naogopa sana. Mgongo wangu unakwisha nguvu."

Spika ikaitoa nje ilivyo.

Natamani ningekuwa na uwezo wa kuwafanyia ule ukimya. Randa ilisimama katikati ya ubao. Maji yaliendelea kumwagika bombani, ndoo imejaa, hakuna aliyeifunga koki. Mtaa ule ulikuwa umesikia milima ikipasuka na majeshi yakizama baharini, na haukuwahi kunyamaza namna ile. Ninyi mnaosali mnajua ukimya wa namna hiyo. Huja mara chache, na ukija, mtu hathubutu hata kukohoa. Neno moja dogo, ambalo katika picha zote hakuna mwanamume aliyewahi kulitamka, lilikuwa limepita juu ya mabati.

Mkewe alikuwa na ndoo kichwani. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka, amezika naye mtoto, na hakuwahi kulisikia neno hilo kwake. Akaishusha ndoo.

"Hiyo si picha," akasema. "Huyo ni mume wangu."

Akakimbia. Hakuanguka. Fundi akamfuata na mwenzake, na wanawake wa foleni, na mzee mgeni, ambaye safari hii alisahau panga akachukua jembe. Walipoingia walimkuta yule mwanamume amekunjwa chini ya boriti, machozi na jasho vinamdondokea mtoto. Mkewe hakuuliza kitu. Aliingia upande wa pili, akaweka bega.

"Toka upumue," akamwambia.

"Nikitoka itaanguka."

"Nimeishika."

"Ni nzito, mama nanihii."

"Nimekwambia nimeishika. Pumua."

Akavuta pumzi moja, wala hakutoka. Wakakaa hivyo wawili, yeye anatetemeka waziwazi mbele ya majirani, mkewe amesaga meno, huku mikono mingi ikifukua matofali. Waliokuwapo wanasema hawakuwahi kuona kitu kikubwa kama kile, na hawa ni watu waliokwisha kuona majoka.

Mtendaji alifika jioni, akaandika taarifa. Kwa mujibu wa taarifa, wanaume shupavu wa mtaa, kwa maelekezo ya ofisi yake, walifanikisha zoezi la uokoaji, na mama mzazi alizimia kwa uchungu. Simlaumu. Na yeye alikuwa mtazamaji wa miaka mingi, akaandika kile ambacho macho yake yalizoea kuona.

Lakini sisi je? Kina baba wa upande huu, mnaingia nyumbani na ngurumo, deni limewakaba, daktari kawaambia neno, na mke akiuliza "Vipi?" mnasema "Safi." Mnangoja nani avunje mlango? Kina mama wa upande ule, mmelia mara ngapi, tukasema ndiyo kawaida yao, tukaendelea kupiga randa? Na ninyi mabinti mliobeba boriti peke yenu kimya, kwa kuwa mmeambiwa mwanamke wa kisasa hachoki, nani atajua mpo chini yake?

Tena tunakuja hapa mbele za Mungu na sauti zilezile za kuigiza. Tunamngurumia au tunamlilia kwa puani, tumevaa vizuri. Ametuumba kwa mavumbi, anaijua migongo yetu ina mwisho. Leo, kabla hatujafumba macho, kila mmoja amtafute mtu wake mmoja amwambie neno lile dogo. Na mwingine akiambiwa, aishushe ndoo.

Taarifa ya ofisi ilishapigwa mhuri, haibadilishwi. Ila mama hakuzimia. Baba alisema anaogopa, mkewe akasikia, akaja akaweka bega, na mtoto akatolewa mguu umevunjika, akiwa hai.