Sanda ya Bi Kidawa

Hapo zamani, ndoo iliyotoboka ilipokuwa bado ni mali, aliishi Bi Kidawa, bibi ambaye hakutupa kitu ila vijembe. Kanga yake ilianzia harusini, ikashuka jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikawa tambara la kudekia, ikafia kwenye kibatari ikiwa utambi. "Kitu kinacholala bila kazi kimetupwa," aliwaambia wajukuu wake asubuhi na jioni, mpaka masikio yakawaota sugu.

Alikuwa na cherehani kimoja, na wajukuu watatu wakikimezea mate: Saumu, Raya na Mwanahawa. Akaahidi kwamba atakirithi yule atakayeyashika mafunzo yake.

Siku moja Bi Kidawa alikwenda matangani. Saumu akafungua sanduku la bibi kutafuta uzi, akakuta bafta nyeupe imekunjwa chini kabisa, haijaguswa miaka. Roho ikamuuma kuona nguo imelala bure. Akaikata, akashona foronya.

Bibi aliporudi, mito yote ya nyumba ilikuwa imevaa sanda yake. Ndiyo, sanda. Alijiwekea kwa siku yake ya mwisho, wala hakumwambia mtu. Akaketi.

"Bibi, si ilikuwa imelala bila kazi?" Saumu akauliza. 

Raya akazifumua foronya, akaziunga upya kipande kwa kipande, akaleta sanda yenye viraka. "Ulitufundisha kuunga, bibi. Hakuna kilichopotea." Bi Kidawa akaitazama ile mishono, akajiona amefungwa humo kama gunia la mkaa. Aliogopa, tena sana.

Mwanahawa alikwenda dukani kimyakimya, akarudi na bafta mpya. "Najua ni ubadhirifu, bibi. Nisamehe." Bibi alimkemea kwa ubadhirifu huo, huku mikono yake imekwisha kuipokea.

Akafa kabla hajamtaja mrithi. Akazikwa katika bafta mpya, nguo yake pekee ambayo haikupata kuwa tambara.

Basi cherehani kipo ukumbini, na wajukuu hawasemezani. Saumu alilifuata neno la bibi. Raya aliufuata mkono wake. Mwanahawa aliufuata moyo ambao bibi mwenyewe aliuficha sandukuni. Nanyi mnaocheka, mnaotupa ndoo kwa ufa mmoja, hebu amueni: nani alistahili cherehani?