Fundo la Mwisho

Sogeeni. Leo sina sungura wala fisi; nina barabara ya lami na watu watatu wa Kwemsala.

Mzee Semhando, utingo mstaafu, alijaliwa masikio: breki mbovu aliisikia kabla lori halijatokeza kilimani. Mwajabu, muuza miwa, alijaliwa mikono: muwa haukungoja pigo lake la pili. Kidawa wa darasa la saba alijaliwa miguu. Hata wavulana walikoma kushindana naye.

Bi Mwanamvua ndiye aliyewafundisha watoto kuvuka kwa kamba, kila mtoto na fundo lake. "Msiachie, hata inyeshe mvua ya mawe!" Wakamtii. Siku moja baiskeli ya bintiye Zaituni ilikuwa na pancha, basi akatembea na wenzake. Alishika fundo la mwisho, nyuma ya mdogo wake Hatibu.

Wakiwa katikati ya barabara, mkia wa kamba ukanasa nyuma yao kwenye nguzo ya pembeni. Watoto wakasimama, wameishikilia.

"Lori hilo linalokuja halina breki!" akapiga ukelele Mzee Semhando. Bila sauti ile, hakuna ambaye angegeuka.

Mwajabu akaruka na kisu, akaikata kamba pale iliponasa. Wa mbele wakavuka mbio, lakini Hatibu akaganda na fundo lake.

Kidawa akaingia barabarani, akamkamata Hatibu kiunoni. Mtoto hakuachia. Zaituni akambandua vidole kimoja kimoja. "Achia, Mama nitamwambia mwenyewe." Kidawa akaruka naye mtaroni. Zaituni alibaki na fundo lake, na lori likapita.

Siku ya arobaini vitu vya marehemu viligawiwa. Bi Mwanamvua akaitoa baiskeli, pancha imezibwa. Akasema, "Apewe aliyemwokoa Hatibu."

"Semhando!" wakasema hawa. "Bila yeye kisu kingelala." "Mwajabu!" wakasema wale. "Bila yeye kamba ingewashika wote." Wengine wakamsukuma Kidawa mbele, naye akamlilia Bi Mwanamvua. "Shangazi, niliweza kubeba mmoja tu."

Hatibu akamshika mama yake kanga. "Mama, aliyeniachisha ni dada."

Bi Mwanamvua angali ameshika usukani wa baiskeli, na Jumatatu watoto watavuka tena.

Haya, nyinyi mliokaa hapa: baiskeli mngempa nani? Na kamba ile, mngewaambia watoto waishike vipi?