Senene wa Bibi Kemilembe

Kaeni vizuri, na mwenye goti bovu anyooshe mguu, maana hadithi hii ni yake.

Kule Kamachumu, baridi yabisi ilimnyima Bibi Kemilembe kitu alichokipenda kuliko vyote: kuinama majanini alfajiri na kuokota senene, wale panzi watamu wa msimu, kwa mkono wake mwenyewe. Misimu ilipita akila waliookotwa na wengine. Alisema watamu, huku roho ikimuuma.

Alikuwa na watu watatu karibu naye. Mwanawe, Mutalemwa, akitafuta kitu hachoki. Jirani yake, Ishengoma, alikuwa na sola isiyozimika hata wiki ya mvua. Mkwewe, Byera, ni mkimya, lakini macho yake hayapitwi na jambo.

Mutalemwa alizunguka Bukoba nzima akiulizia nafuu ya mama yake, hadi mtaalamu wa viungo akamwonyesha kimashine cha kutuliza maumivu kwa umeme mdogo. Akakileta nyumbani.

"Hiki hakiponyi, mama," alisema. "Kinayanyamazisha maumivu tu, uweze kuinuka."

Kikalala kabatini, kwani nyumba haikuwa na umeme wa kukichaji. Ishengoma aliposikia, akachomoa redio yake katikati ya mechi na kukichomeka kimashine kwenye sola badala yake. Tangu hapo kila kilipoisha chaji alikifuata.

"Mpira upo siku zote," alisema, ingawa uso wake ulisema vingine.

Sasa vibandiko vya kimashine, vile vinavyonata gotini kupitisha umeme, vikagoma kushika. Vikibandikwa, vinadondoka. Bibi akakasirika, akataka kirudishwe kilikotoka. Byera ndiye aliyegundua: mama mkwe alikuwa amelipaka goti samli, kama alivyozoea kila asubuhi tangu lianze kuuma. Akaliosha kwa sabuni, akalikausha, akabandika upande huu na huu, akapandisha umeme polepole.

"Unasikiaje, mama?"

"Kama siafu wanaotembea bila kuuma." Bibi akacheka, kisha akalia kwa shukrani.

Msimu ulipofika, aliinama majanini. Akapata senene wa bakuli moja tu, akawakaanga. Na kwa desturi ya nyumba yake, bakuli la kwanza la msimu haligawanywi. Hupewa mtu mmoja, akabarikiwa mbele ya wote.

"Mpe Byera," alisema Mutalemwa.

"Mpe mzee Ishengoma," alisema Byera.

Ishengoma alikuwa akilitazama bakuli.

Bibi amesimama mbele yao kwa miguu yake mwenyewe, na anajua kwamba angemkosa mmoja wao, leo angekuwa bado kitini. Senene wanapoa. Haya, ninyi mliokaa hapa: ampe nani?