Kiboko na Kichungulio Kipana

— Nifungue?
— Fungua.
— Nifungue robo?
— Robo ya nini, na tumeshakaa?
— Basi nifungue yote?
— Fungua yote, na mlango uache wazi.

Haya. Hapo zamani, wakati Kiboko alikuwa akiishi nchi kavu na matundu yake yote mawili ya pua yalikuwa mali yake, palikuwa na Bi Kinyonga, mpiga picha wa Bonde la Mabungo. Kazi ile hakuna aliyeiweza kama yeye. Jicho moja lilikuwa kwenye kamera, jicho la pili lilikuwa kwa mteja, aone kama amepepesa. Na mkono wake haukutikisika hata kidogo, maana hata kutembea kwake kulikuwa hivi: nyata, akasimama. Nyata, akafikiri.

Kamera yake ilikuwa na lenzi mbili. Moja ilikuwa fupi kama kifuniko cha chupa, na hiyo iliona pana, kutoka kulia mpaka kushoto. Ya pili ilikuwa ndefu kama mchi, na hiyo iliona padogo tu, kama unapochungulia ndani ya bomba. Kila lenzi ilikuwa na kichungulio chake. Hicho ni kidude cha kioo kinachokaa juu ya kamera, ukichungulia humo unajua nini kitaingia kwenye picha. Lenzi fupi, kichungulio kipana. Lenzi ndefu, kichungulio chembamba. Ukivichanganya, jicho lako litaona sinia zima la wali na picha yako itapata punje moja.

Mwaka huo wanyama waligombana sana juu ya ardhi. Twiga, aliyekuwa mwenyekiti, alichoka. Akatoa amri kwamba kila mnyama apigwe picha moja tu, asimame ndani yake, na achague vyombo mwenyewe ili asije akasema ameonewa. Kilichomo kwenye picha ni chako. Kisichomo si chako. Asiyeridhika aende akamwambie Twiga sikioni, na sikio la Twiga mnajua liko wapi.

Wanyama wakapigwa picha. Nungunungu akapata shimo lake. Kanga akapata kichaka chake. Filamu ikabaki na picha mbili tu, na Bi Kinyonga mwenyewe alikuwa hajapigwa. Mara, ndi! ndi! ndi! Kiboko huyo.

Kiboko alisema anataka bwawa. Anataka majani ya ng'ambo ya bwawa, na mawe, na vile vilima. Anataka pia ule mpera, kwa sababu udongo wa chini yake ni laini na anataka kugaagaa hapo kila siku baada ya kula.

Chini ya mpera ule Bi Kinyonga alikuwa amefukia mayai yake thelathini na mawili.

Akawa kijani. Akawa njano. Akawa rangi ya majivu. Jicho lake la kulia likautazama mpera, jicho la kushoto likaitazama ile lenzi ndefu, na mawazo mawili yakakutana katikati ya kichwa. Kisha akaikalia lenzi ndefu, akaifunika kwa mkia, na kuacha ncha yake tu ikichungulia.

Akamwekea Kiboko kichungulio chembamba. Kiboko akachungulia. Akauona mpera.

"Na kule je?"

"Kule hakumo, bwana."

"Na kule kwingine?"

"Hakumo."

Kiboko akakitupa. Bi Kinyonga akamwekea kichungulio kipana. Kiboko akachungulia. Akaona mpera, akaona bwawa, akaona mawe na vilima viwili, na pembeni kabisa akaona mkia wa mtu asiyemjua.

"Na kule je?"

"Kule kumo, bwana."

"Na kule kwingine?"

"Kumo."

Kiboko akacheka mpaka mapera mabichi yakaanguka, pu, pu, pu. Akasema hicho ndicho chake, na yule mwenye mkia aanze kufunga mizigo.

Bi Kinyonga akaichukua lenzi fupi taratibu ili aifunge. Kiboko akamtazama.

"Wewe kijiti, umekalia nini?"

"Si kitu, bwana."

"Kitu kirefu hivyo si kitu?"

"Hii si ya kila mtu. Na ndugu wa kichungulio chako ni hii fupi."

"Nimekuuliza ukoo mimi? Mnyama mzima niwekewe kifuniko cha chupa? Funga hiyo ndefu."

"Utakuja kunilaumu."

"Sikulaumu. Kanga shahidi, Nungunungu shahidi."

Basi akaifunga. Lenzi ndefu chini, kichungulio kipana juu. Kiboko akachungulia tena kuhakikisha, akaona kila kitu kingali kimo, akaenda kusimama mbele ya mpera na kutanua kifua. Chwa! Picha ikapigwa. Bi Kinyonga akaingia ndani ya gogo lenye giza, akaisafisha picha, akaitoa ikidondoka maji.

Twiga akainamisha shingo aione. Shingo ikashuka, ikashuka, wanyama wakala chakula cha mchana, ikashuka.

"Nini hii?"

Kiboko akaitazama. Akaigeuza juu chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni tundu la pua yake.

"Hilo ni lako," akasema Twiga.

"Na la pili je?"

"La pili halimo."

"Na tumbo je?"

"Tumbo halimo."

Kisha Kanga akalitazama lile tumbo lisilo na mwenyewe, akauliza kama mgongo nao uko wazi, maana ana dada yake anatafuta pa kukaa. Nungunungu akasema yeye angependa paja.

Kiboko hakungoja kusikia mengine. Ndi! ndi! ndi! Chubwi! Akauficha mwili wote ndani ya maji usije ukagawiwa. Mpaka leo yumo. Pua tu ndiyo iko juu: tundu moja anapumua kwa haki yake, la pili anapumua kwa wizi.

Ikabaki picha moja. Bi Kinyonga akafunga lenzi fupi, akaweka kichungulio chake kipana, akaiweka kamera kwenye jiwe, akafunga uzi kwenye kitufe na kwenda kusimama chini ya mpera. Kufika kulimchukua siku mbili. Akavuta. Chwa! Alisema alitaka mpera tu. Lakini lenzi fupi haijui kubagua. Bwawa limo, mawe yamo, vilima vimo, bonde zima limo, na yule mwenye mkia yumo.

Twiga akasema kilichomo ni chake.

Mayai yakaanguliwa yote thelathini na mawili. Bi Kinyonga akatoka siku hiyohiyo kwenda kuukagua mpaka wa nchi yake. Nyata, akasimama. Nyata, akafikiri. Bado hajafika kwenye bwawa.

Funzo lake, watoto: msiwe na tamaa. Tosheka na kifaa kidogo, utapewa bonde zima na watu wake.

— Nifunge?
— Funga.
— Pua zenu zimo?
— Zimo zote mbili.
— Basi nimefunga, msije mkabanwa.