Nani Katunga?

Paukwa!

— Pakawa.

Aa! Nani huyo hajala? Paukwa!

— PAKAWAAA!

Hapo sawa. Na wewe wa mlangoni, acha kusukuma wenzako. Paliondokea pori, pori likawa na redio, redio ikawa na mwenyewe, Fisi.

Kila Jumamosi wanyama walipiga kura, Redio Pori ikatangaza Nyimbo Kumi Bora. Wa namba moja alivishwa shada na Simba, mbele ya pori zima. Fisi alilitaka shada hilo mpaka anatokwa mate. Aliimba, akajipigia redioni asubuhi na jioni. Kura? Sifuri!

Basi Chiriku, kandege kadogo hivi, akatunga wimbo. Jamani, wimbo! Siku nne alihangaika na neno moja tu. Akaupeleka redioni, chiri-chiri-chiri.

Fisi masikio yakamsimama. "Mtamu! Kuanzia leo ni wangu. Ukibisha, nakumeza."

Maskini Chiriku! Wimbo wake wa kwanza, unapotea hivi hivi! Akajikaza. "Chukua, mzee. Ila weka na kiitikio. Wewe uliza, 'Nani katunga?' Ngoma ipige du-du! Wasikilizaji waitikie jina."

"Langu? Mara moja tu?"

"Hata mara saba, mzee."

"Weka saba! Nani atawafundisha?"

"Mimi. Mkubwa kama wewe utazungukaje vichakani?"

Fisi akacheka kwi-kwi-kwi, akarekodi. Chiriku pruu! kwa Sungura, akafundisha. Pruu! kwa Nyani, akafundisha. Pruu! kwa Kobe, akafundisha mara tatu. Alichofundisha mtakisikia.

Wiki ya kwanza, wimbo namba kumi. Ya pili, namba tano. Ya tatu, namba moja! Pori zima linaitikia, na Fisi kajifungia studio, kaziba masikio kwa spika zake za kichwani, hasikii kitu.

Siku ya shada, Fisi akarukia jukwaani, manyoya kayachana.

"Nani katunga?"

Du-du!

"CHIRIKU!"

Fisi akadhani hawajamwelewa. Akapaza sauti. "Nani katunga?"

Du-du!

"CHIRIKUUU!"

Akauliza mpaka jasho likamtoka. Mara saba, si aliziomba mwenyewe?

Simba akasema, "Fisi, umeuliza mara saba, umejibiwa mara saba. Shuka."

Shada likamfunika Chiriku mzima mzima. Humo ndani analia kwa furaha, huku anaimba, chiri-chiri-chiri!

Hata leo, redio ikifunguliwa nyumbani kwa Fisi, sauti yake mwenyewe inauliza, na watoto wake, midomo imejaa nyama, wanaitikia: "Chiriku!"

Funzo ni hili: ukitunga wimbo mtamu, mpelekee mwizi upesi. Hakikisha tu ana redio.

Yangu yamekwisha, ya Fisi bado yanaendelea. Haya, na hadithi hii nani katunga?

— CHIRIKUUU!

Mna adabu nyie? Ni mimi, Bi Mgeni! Nendeni mkanawe miguu, wezi wakubwa!